Kiti Nilichokwamisha Kibokoni

Hadi leo nikipita kona ile ya mtaa wa Kibokoni huinamisha uso kama mtu aliyeingiwa na vumbi machoni, maana pale ndipo nilipomkwamisha mwalimu wangu mbele ya harusi nzima, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Mwalimu Salma, aliyenisomesha Kurani nikiwa mdogo, alikuwa hajatoka nyumbani mwaka mzima kwa ajili ya maradhi ya miguu, na kiti cha magurudumu alichopewa hospitali kilikuwa kikiyumba vibaya kwenye vichochoro vyetu. Mjukuu wake alipokaribia kuolewa nikajitolea (mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Majengo wananijua, na sifa zilikuwa zimenilevya kidogo) kumtengenezea kiti imara chenye magurudumu ya baiskeli. Ami yangu Rajabu, seremala, akanishauri nitengeneze kwanza mfano wa maboksi, niupitishe njia yote, ndipo nikate chuma. Nikamjibu kwa adabu kwamba nimezaliwa vichochoro hivyo, sina haja ya kuchezea makaratasi.

Siku ya harusi mambo yalianza vizuri mno: Mwalimu amekaa na baibui jipya, mimi nasukuma, kina mama wanapiga vigelegele, kichwa changu kimevimba. Tukafika kona. Kiti kikaingia nusu, kikagota ukuta huku na huku, nikakivuta nyuma kikakataa, nikasukuma kwa nguvu kikajibana zaidi, na nyuma yetu masinia ya biriani yamepanga foleni, mbele yetu wageni hawana pa kupita, nami fundi mashuhuri natafuta pa kuficha uso na hapana.

Nikamwomba radhi, jasho likinitiririka. Mwalimu akanigeukia, akasema kwa upole, “Mwanangu, kona hii ilikuwapo kabla yangu na yako. Hukuiuliza?”

Kina mama wanne wakamhamishia kwenye kiti cha plastiki, wakampitisha juu ya chuma changu, akafika harusini. Mimi nikabaki na spana nikifungua gurudumu, watu wakipita kwa ubavu na kunipa pole (pole zinazochoma kuliko matusi).

Kesho yake nikaenda kwa Ami, kichwa chini. Hakunisema. Akachukua maboksi ya sabuni, gundi na vijiti, na kabla ya adhuhuri alikuwa na kiti cha ukubwa kamili, chepesi hata akakibeba kwa mkono mmoja. Tukakipeleka konani. Kikagota palepale. Akatoa mkasi, akapunguza vidole viwili ubavuni, kikagota tena. Akasogeza magurudumu mbele, kikapita.

Kosa lililoniaibisha mbele ya mji, yeye alilimaliza kwa mkasi, na boksi lile lilikuwa likitwambia mambo ambayo chuma changu kilinyamaza nayo hadi siku ya harusi. Tuliharibu maboksi matatu, na kila moja lilipoharibika Ami alifurahi. “Limeshasema lake,” akanambia. “Lete jingine.”

Wiki mbili baadaye, juu ya kiti kipya cha chuma nilichokikata kwa kipimo cha boksi, Mwalimu alipita kona zote hadi Biashara Street bila kugusa ukuta. Akaomba tusimame dukani, akashika leso kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, akisoma kwa sauti ndogo majina ya leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Mimi nimeapa: hata mtu aje na haraka ya namna gani, chuma hakikatwi kwangu mpaka nimeharibu boksi kwanza. Atakayenicheka na acheke.