Tai ya Studio

Katikati ya miaka ya sabini nilirudi Nchelenge, mji wetu kando ya Ziwa Mweru, likizo kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, nikiwa na ndevu, begi la vitabu na karatasi ya maswali. Mwalimu wetu alikuwa ametuagiza tuzungumze na mafundi wa kazi yoyote kuhusu ufundi wao na maisha yao kazini. Wenzangu walichagua maseremala na wahunzi, watu wanaotokwa jasho. Mimi nilichagua wapiga picha kwa sababu studio ina kivuli na kiti.

Mjini walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa polisi mstaafu. Kamera alijifunzia kituoni, akiwapiga picha wezi, na hakuona sababu ya kubadili mtindo kwa ajili ya watu waliomlipa. Alikupiga uso kwa mbele, kisha ubavuni. Mabibi harusi, wazee wa kanisa, watoto waliobatizwa, wote walitoka wakionekana kama watu wanaotafutwa kutoka Chienge hadi Mwansabombwe. Nilimuuliza, kama karatasi ilivyodai, ana mtazamo gani juu ya mwanga.

"Uwepo tu," alisema.

"Na mteja, unamwambia nini ili ajisikie huru?"

"Ajisikie huru kwa nini? Namwambia asimame wima na anyamaze. Mtu akicheka, hiyo si picha, hiyo ni kelele."

Nikaandika. Swali lililofuata aliuliza yeye: ndevu zile nilipewa ruhusa na nani. Nikaona mahojiano yametosha.

Wa pili alikuwa Mkongomani mwenye chumba nyuma ya kinu cha mahindi. Ukutani alitundika pazia lililochorwa na fundi mmoja wa Mununga: ngazi za jumba la kifahari, zinapanda, zinapanda, mpaka pale rangi ilipomwishia fundi. Unga wa kinu ulipenya kila mahali, na vijana waliokaa mbele ya kamera muda mrefu walitoka na mvi. Nilipomsalimu kwa Kiswahili changu kipya cha pwani alinitazama kwa huruma.

"Petit, mudogo yangu, unasema sawa padri mwenye anasoma Biblia. Sema sawa mutu."

Kazi, alisema, alifundishwa na Mgiriki huko Lubumbashi. Nilipomtembelea tena, mwalimu wake alikuwa padri Mbelgiji. Nikamkumbusha yule Mgiriki.

"Mugiriki alinifundisha kupiga picha," alisema bila kuinua macho. "Padri alinifundisha kuomba itoke."

Nilimuuliza pia juu ya madoa meusi kwenye picha zake. Hakuwa na bomba la maji, kwa hiyo filamu alizisuuza ziwani ndani ya kipande cha chandarua, na chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru, viliingia na kula ule utandu wa picha. "Banaanza na masikio," alisema. "Sijui juu ya nini." Hili nililiandika kwa herufi kubwa. Baadaye mwalimu aliandika pembeni kwamba kazi yangu haina hoja.

Lakini wateja hawakumfuata kwa ajili ya ngazi. Walifuata tai. Ilining'inia kwenye msumari, rangi ya damu ya mzee, imenyonya jasho la shingo nyingi hadi ikawa ngumu kama samaki aliyekaushwa. Ng'ambo ya ziwa, Zaire, serikali ilikuwa imepiga marufuku tai. Mwanamume wa heshima alitakiwa kuvaa abakosti, koti la kufungwa vifungo hadi shingoni. Basi wafanyabiashara waliovuka kuleta vitambaa na kuchukua samaki walipitia studio, wakavaa tai, wakapigwa picha, na picha wakaiacha papo hapo ukutani, kwa kuwa kurudi nayo nyumbani kulikuwa kujitafutia balaa. Wakija tena sokoni walipita kuitazama, kama mtu anayemwona mgonjwa.

Wakati huo mimi niliipinga tai kwa sababu za kimapinduzi, na niliwaeleza hivyo. Walinitazama kama mtu anayefunga kwa hiari yake katika mwaka wa njaa.

Ndipo ikaja harusi ya binti wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa karani mstaafu wa mgodi wa Kopabelti, mzee wa kanisa, na alirudi kutoka kazini na tai za kutosha kuwanyonga wazee wenzake wote. Bwana harusi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ambo, kijana mpole aliyeuza vitenge. Kila kitu kilikuwa kimekubaliwa, hata mchungaji alikuwa ameshajiandaa kuchelewa, mjomba alipotoa sharti lake la mwisho. Alitaka picha ya harusi ya kutundika sebuleni, na ndani ya picha hiyo mkwe awe amevaa tai.

"Watu wataingia hapa waniulize, huyu aliyesimama na binti yako ni nani, fundi wa baiskeli?" alisema. "Bila picha ya tai, mtoto wangu hapandi boti."

Bwana harusi alikaa ukingoni mwa kiti. "Tata, mama yangu ni mugonjwa ya miguu, hawezi kuvuka. Nilimuahidi picha ya ndoa. Pale pa bwato, basoda ba mupaka na bunduki zao banafungua kila kitu. Bakiona kravati mu shingo yangu, miye naenda kulala mu buloko na bezi, na bitenge byangu binaenda kwa bibi zao."

Nikasema jambo ni jepesi, apigwe picha mbili, moja na tai na moja bila. Mkongomani, aliyekuwa ameitwa kama mtaalamu, alitikisa kichwa. Filamu kutoka Ndola ilikuwa haijafika. Ndani ya kamera ilibaki nafasi ya kubonyeza mara moja tu.

"Bon," alisema. "Napiga na kravati. Natoa mbili. Mu moja ile kravati naifuta. Musiogope, miye nilishafuta bakravati mingi kupita guvernema ya Zaire."

Bibi harusi alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Kwetu mtu na binti wa mjomba wake ni watani, na yeye hakuwahi kukosa zamu yake.

"Wewe msomi, huko chuoni wanasemaje juu ya hili?"

Nikaanza kueleza kwamba picha, kimsingi, ni uhusiano kati ya...

"Shika hili sinia," alisema. Kisha akamgeukia baba yake, kwa sauti ya adabu kabisa. "Tata, kama ni tai mnayotaka kuozesha, iozesheni. Mimi nitakuja kula."

Jumamosi, baada ya ibada, tulijaa studio. Mjomba mwenyewe alimfunga mkwe fundo, akalivuta mpaka kijana akabadilika rangi, akarudi nyuma na kusema, "Sasa unafanana na mtu." Kijana aliukodolea mlango macho muda wote, na ndivyo alivyo kwenye picha, kama mtu anayesubiri kukamatwa akiwa kwenye ngazi za jumba. Yule polisi mstaafu angeipenda. Mjomba hakuridhika. Alimwamuru binti yake aweke mkono kifuani kwa mumewe, ionekane ni wake. Akaweka. Mkongomani akabonyeza.

Nakala ya mjomba ilitoka vizuri, masikio na yote. Nakala ya ng'ambo ilikwanguliwa kwa wembe mbele yangu, kwa sababu nilikuwa bado na maswali juu ya ufundi. Tai iliondoka. Pamoja nayo viliondoka vidole viwili vya binamu yangu vilivyokuwa vimelala juu yake. Fundi alijaribu kuvichora upya kwa wino, akapata kitu kama vipande vya muhogo, akavikwangua navyo, halafu akapaka weusi kifua chote na kukiita abakosti.

"Vidole," nilisema.

"Mukono iko," alisema. "Ni bidole tu njo bilienda."

Mjomba alipoiona alikaa chini. Tai yake alikuwa ameipata, na sasa aliogopa jambo jingine: mama wa kijana angeipokea picha hiyo kama tusi, amwone bibi harusi kuwa kilema aliyefichwafichwa, amrudishe na mizigo yake. "Akirudishwa," aliniambia, "havuki tena ziwa hili mimi nikiwa hai. Na wewe utazame vizuri huyo mama atasema nini."

Ndiyo maana nilikuwa kwenye boti asubuhi ya safari. Mama yangu, shangazi wa bibi harusi, aliongoza msafara. Mimi nilibeba ndoo.

Ng'ambo, askari alifungua mizigo yote na kuifikia picha. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Bidole ya huyu mwanamuke biko wapi?"

Binamu yangu aliinua mkono na kuvichezesha vidole mbele ya uso wake, polepole, kimoja kimoja.

"Biko," askari alikubali. Akamrudishia bwana harusi picha. "Photographe wako ni muwizi."

Nyumbani kwa mama mkwe kulijaa majirani, na kiti cha mbele alikaa mjumbe wa chama wa mtaa, kwenye abakosti iliyobana. Mama alikuwa mkekani, miguu imenyooshwa. Alitukaribisha vizuri, akaomba picha, akaiinamisha kuelekea mwanga wa mlango. Alikaa nayo muda mrefu. Mama yangu alianza kukohoa bila sababu.

"Mutoto yangu anafanana sawa mutu mwenye balimupaka masizi," alisema mwishowe. "Alivaa kravati, ao hakuvaa?"

Mjumbe akawa anachunguza paa.

"Mama, mambo ya kravati tuache," bwana harusi alisema.

"Sikukuuliza weye. Namuuliza muke yako."

Nilimtazama binamu yangu, na nikamwona anapima. Akisema hapana, mama mkwe atakuwa amedanganywa na mkwewe siku ya kwanza. Akisema ndiyo, mjumbe yuko pale, na masikio yake mawili.

"Alivaa, mama," alisema. "Ilimkaba mpaka macho yakamtoka. Tena na vidole vyangu walivikwangua kwa sababu yake."

Mama yule alianza kucheka kutoka tumboni, bila sauti kwanza, akijishika magoti yanayomuuma. Mjumbe alisema amesikia mbuzi wake analia, akatoka, na hakuna aliyemsikia mbuzi huyo isipokuwa yeye. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kutuuliza kitu. Mama mkwe alisogea, akapigapiga nafasi iliyo wazi kwenye mkeka.

"Kuya, ikala hapa," alimwambia binamu yangu. "Ile ndoa, unielezee yote. Anza na kanisa."

Nilirudi Nchelenge na ndoo. Mjomba alinisubiri barabarani, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata nilipotoka chuoni, na nikamsimulia kila kitu bila nadharia yoyote.

"Aliuliza tai mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote, mjomba. Na mtu wa chama akiwepo."

Tulitembea mpaka tukafika karibu na nyumba. Huyo mama, alisema, ana akili kuliko mwanawe. Kisha akaniuliza kama boti za ng'ambo huwa zinachukua abiria Jumapili, baada ya ibada.