Mkono Juu kwa Prof wa Jeografia

Prof wetu wa jeografia alikuwa na sauti ndogo, mpaka darasa linyamaze lenyewe ili limsikie. Chaki alifutia kwenye suruali, hivyo mfuko mmoja wa nyuma ulikuwa mweupe daima. Sheria yake ilikuwa moja: mwenye hajui, njo ainue mkono aulize, anayejua abaki na mikono chini, angoje kusaidia. Mimi niliinua mpaka bega likaota misuli.

"Kalenga, leo hujui nini tena?"

"Lubumbashi, Prof."

"Iko palepale kwenye ilikuwa jana."

Mwaka wa 1998, vita ilipoanza, askari watatu waliingia darasani. Mkubwa wao akauliza, "Nani anajua kutumia bunduki?" Mikono arobaini ikapanda kwa mazoea, wa kwanza ukiwa wa Ndaya, binti wa katekista. Askari akacheka, akaanza kutenga wavulana warefu. Chaki ikamponyoka Prof.

"Mon commandant, kwangu mkono juu ni kusema sijui."

"Basi anayejua ni nani?"

Prof peke yake alikuwa na mikono chini, na hakuiinua. Askari walipomtoa yeye tu, mlangoni tuliona mfuko ule mweupe, na mikono yetu yote ilikuwa bado juu.