Maharagwe ya Mama Mkwe

Umande haujakauka, na Mama Debe ameshakaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Moja kushoto, jingine kulia. Likimshinda kuamua, analitupa kwenye sufuria iliyo miguuni pake. Sufuria inajaa upesi kuliko anavyopenda.

Jina amelipata sokoni, anakouza mbegu kwa debe, na wateja husema kipimo chake kina huruma. Mbegu humwingizia zaidi ya nusu ya kipato chake cha mwaka.

"Hizi alinipa mama mkwe nilipoolewa," anamwambia jirani aliyeketi kando yake, bila kuinua macho. "Akaniambia, ukizila zote utakuwa umenizika mara mbili."

Misimu miwili iliyopita alinunua dukani paketi ya mbegu mpya. Akafanya kama wakulima wenzake wanavyofanya siku zote: akazipanda pamoja na za zamani, mvua ikiikataa hii iikubali ile. Akavuna pamoja, akahifadhi pamoja kwenye majivu, akauza pamoja.

Wiki iliyopita afisa wa mbegu alimkuta sokoni. Kwa upole akamweleza kuwa ile aina mpya ina mwenyewe, imesajiliwa, na kuiuza kama mbegu bila idhini yake ni kosa. Za mama mkwe hazina neno, auze, agawe apendavyo. Siku ya soko atarudi kukagua.

Siku ya soko ni kesho.

"Nikamwuliza, mwanangu, nitazijuaje? Zote nyekundu, zote zina kijicho cheupe. Akasema mpya ina pete nyembamba kukizunguka." Analisogeza haragwe mwangani. "Wewe unaiona?"

Jirani anakodoa macho, haoni kitu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini maharagwe huchambulika, basi anachambua. Mumewe anachungulia sufuria. "Mwaka huu tutakula kesi," anatania.

"Cheka tu. Mwenzio roho mkononi."

Tumaini lake ni wifi yake, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mama Debe alimgawia mbegu za mama mkwe kabla ya paketi kuingia nyumbani, kwa hiyo za wifi ni safi. Anampigia simu, sauti juu.

"Wifi, zile mbegu za mama bado unazo?"

"Ninazo."

Mama Debe anashusha pumzi. "Nigawie basi, japo vikombe viwili."

"We! Si nasikia huko kugawa mbegu ni kosa? Nina watoto mimi, sitaki kufungwa. Nimeshazimimina kwenye sufuria, nazipika leo ziishe."

Mama Debe anasimama ghafla. Ungo unapinduka, za kushoto na za kulia zinakutana tena sakafuni. Yeye hazitazami.

"Nikizipata nitazipanda kando, nyuma ya jiko, na sichanganyi tena," anasema huku akijifunga kanga, mguu mmoja nje. Kisha anapaza sauti kwenye simu:

"Wifi, usitie maji! Hizo hazina mwenyewe mwingine. Ni za mama!"