Bakuli la Dagva

Baba mkwe wangu Dagva alikuwa hanywi pombe, na hilo ndilo lililomponza. Aliacha ujanani, siku walipomkuta kaka yake amekaa kitako kwenye theluji, chupa mkononi, amekauka kwa baridi. Tangu hapo akaifanya baridi kuwa adui wake wa nyumbani. Alisikiliza mate yake yanavyolia yakigusa ardhi, alishika mikia ya farasi, alinusa moshi, ajue baridi inakujaje. Bonde zima likawa linamtegemea yeye.

Majira ya baridi sisi tunayahesabu kwa tisa, yaani siku tisa mara tisa, kuanzia ile siku fupi kuliko zote, na kila tisa ina alama yake. Ya kwanza ni ya gongo ya maziwa: unaiweka nje kwenye bakuli, uone kama itaganda. Wengi walifanya kwa mazoea tu. Dagva alifanya kwa dhati. Gongo ilikuwa lazima iwe ya maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, iliyopikwa na mkewe Khandaa, maana hiyo aliijua tabia yake. Ikiganda upesi, tulivunja mahema wote na kuvuka mlima kwenda malisho ya mbali, kabla theluji haijafunga njia. Isipoganda, tulibaki.

Mwaka huo mvua ilitunyima. Ng'ombe walitoa maziwa ya kulamba, na gongo ikatoka nyepesi, haina hata harufu. Mama mkwe aliona aibu. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, na Khandaa huyo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kujali mno watu watasema nini. Akatia vodka ya dukani ndani ya dumu. Wageni wakainywa wakaisifia. Jirani yetu Baldan, mwenye mdomo usiolala, akapaza sauti: "Mama, mwaka huu ng'ombe wako umewalisha moto?" Watu wakaangua kicheko, na Khandaa akacheka nao.

Arusi ikapita, dumu likabaki nusu. Tisa ya kwanza ilipoingia, Dagva akateka kutoka dumu lile lile, akaweka bakuli juu ya jiwe nyuma ya hema.

Asubuhi ilikuwa maji. Kesho yake, maji. Majirani wakajaa hemani kusubiri neno.

"Mzee," Baldan akasema, "tufunge mizigo au tunywe chai?"

Dagva aliizungusha chai yake mpaka ikapoa. "Pua yangu inasema hameni," alisema. "Lakini bakuli linakataa."

"Sasa tufuate pua au bakuli? Mimi pua yangu inasikia nyama tu."

"Bakuli halijawahi kunidanganya. Kaeni."

Khandaa alikuwa anamimina chai. Hakusema kitu. Baadaye aliniapia kwamba hata hakuwaza. Kwake dumu lilikuwa jambo la arusi, na arusi ilikwisha. Siku nyingine namwamini. Siku nyingine simwamini kabisa.

Theluji ikaja nyingi. Kisha ukaja mchana mmoja wa joto, theluji ikalainika juu, na usiku ule ikaganda ikawa sakafu ya barafu juu ya nyasi zote. Njia ya mlimani ilikuwa imeshafungwa. Kondoo walikwangua barafu mpaka kwato zikatoka damu. Walikula sufu ya migongo ya wenzao. Asubuhi tulikuta wengine wamekufa wima, wameegemeana, na Dagva alipita akiwagusa masikio mmoja mmoja, akiwaomba radhi kwa sauti. Sijawahi kusikia kitu cha kuumiza kama kile.

Masika yalipofika tulikuwa tunachuna mizoga. Mimi nilikuwa nachochea jiko, Dagva ananoa kisu, Khandaa akasema tu:

"Mzee wangu, lile dumu nililitia vodka. Ya arusi."

Kisu kikasimama. "Nyingi?"

"Nyingi."

"Ndiyo maana haikuganda," akasema. Nilingoja amtukane. Hakumtukana. Akaniangalia mimi. "Binti, hujasikia kitu."

"Sijasikia, baba."

"Wakisema Dagva kazeeka, watasema mwaka mmoja watachoka. Wakisema ni mke wake, hawatachoka."

Hapo alikosea, maana hawakuchoka. Tulihamia pembeni mwa mji na hema letu, hatuna mnyama hata wa dawa, na kila aliyetoka bondeni alimpigia kelele barabarani: "Mzee, leo nivue koti?" Naye alijibu kwa upole, "Vaa tu, mwanangu." Nilitamani kuwarushia makaa. Mdomo wangu aliufunga yeye mwenyewe.

Majira ya baridi yaliyofuata, Khandaa aliomba maziwa kwa ndugu yake, akapika gongo kidogo, akaitoa nje bila kumwambia mtu. Asubuhi akaingia na bakuli. "Tazama. Safi hii, sijatia kitu."

Dagva aligonga barafu kwa ukucha, akasikiliza. Ilikuwa imeganda mpaka chini. "Wahame leo," akasema. "Binti, mpigie Baldan."

Baldan alikuwa bado bondeni na mbuzi wachache aliopewa na wakwe zake. Nilimpigia, nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie mzee safari hii tunafanya kinyume chake!"

Khandaa akaninyang'anya simu. Dagva aliinua mkono kumzuia, akachelewa.

"Baldan, mwanangu, bakuli lile lilikuwa na gongo ya arusi, na ile niliitia vodka mimi. Mzee wangu hakukosea. Ni mimi."

Sauti ya Baldan ikatoka, ndogo, lakini hema zima lilisikia.

"Mama, vodka tuliijua. Kila aliyeonja aliijua. Tulidhani ya bakuli umeiweka pembeni."

Khandaa akakaa chini palepale. Mimi nilimtazama Dagva. Katika bonde zima, aliyekuwa hajui ni yeye peke yake, maana kwa sababu ya kaka yake hakuonja.

Aliliweka bakuli mbali na jiko, lisiyeyuke.

"Muulize," akasema, "anahama au hahami."