Nafasi ya Mama Juu ya Mwamba

Enzi zetu pale Makoko, kama hukuwahi kulala chali juu ya mwamba wenye joto baada ya kuoga ziwani, utoto wako ulikuwa na kasoro. Mwamba wetu ulikuwa katikati ya mtaa, mpana, umelala kama ng'ombe aliyeshiba, na nyumba ziliuzunguka bila kupimwa na mtu, kila mmoja akiweka mlango alikopenda. Jioni jiwe lilikuwa bado linatoa joto la mchana. Tulijinyoosha pale tumelowa, tukatazama mawingu yakivuka ziwa polepole, harufu ya dagaa na ya udaga, muhogo uliovundikwa, ikitupanda puani, mpaka usingizi ukatuchukua.

Upande mmoja ulikuwa mteremko, na huo ndio tuliotelezea. Tulikalia kipande cha dumu. Kikikosekana, kaptula ya shule ilitosha. Mama alikuwa na maneno yake: "Matako umepewa na Mungu bure, kaptula nimenunua mimi. Telezea hayo ya bure!"

Juu palipo tambarare walianika akina mama. Muhogo wetu ulitoka shambani kwa mjomba, Butiama. Mama aliumenya, akauvundika, kisha akauvunjavunja na kuutandaza jiwe zima likawa jeupe. Kila nyumba ilikuwa na nafasi yake. Hapakuwa na mstari wala alama, lakini nadhani hata kuku walijua. Ya mama ilikuwa upande wa ziwani, penye ufa ulioota nyasi, na pembeni yake Mama Nyangeta, jirani yetu, alianika dagaa. Mtu akisafiri au akiwa msibani, nafasi yake iliachwa tupu. Siku moja nilimuuliza mama kwa nini tusitumie ya jirani aliyekwenda kuzika kule Mugeta. "Akirudi atakaa wapi?" alinijibu, utadhani yule jirani alikuwa analala pale juu ya jiwe.

Na mvua je! Aliyeiona kwanza alipiga yowe, mtaa mzima ukatoka mbio na mabeseni. Hukuokota chako, uliokota kilicho karibu nawe, wenyewe mtajuana baadaye. Vijana wa leo simu ikiwaambia hakuna mvua, wanasimama palepale wanalowa, wanaiamini simu.

Kisha mtaa ukapangwa upya. Sitalalamika sana, maana masika maji yalikuwa yanaingia hadi chini ya vitanda, na mtaro tuliuhitaji. Nyumba yetu ilikuwa njiani, ikabomolewa, nikamchukua mama kuja kwangu Bunda. Mwamba nao ukavunjwa kokoto. Waliobaki mtaani waliomba kipande kimoja kiachwe, wakajenga chumba kando yake, wakakiita makumbusho ya mtaa. Humo wameweka vinu, nyavu kuukuu, redio ya mbao na picha za harusi za watu.

Mama hakujali redio. Kila jioni, barazani kwangu, aliuliza jambo moja: "Kwangu kule kumebaki?" Nilimnunulia turubai zuri la kuanikia, akasema udaga unanuka plastiki. Alianza kukonda. Nikaona heri akaone mwenyewe, liwalo na liwe.

Tulipanda gari asubuhi, yeye amepakata beseni la udaga uliokuwa bado mbichi. Tulipita Kiabakari bado amelishikilia kwa mikono miwili.

Kijana wa makumbusho alitupokea vizuri, akatuomba tusiguse vitu. Mama alimpita akaenda moja kwa moja nje, kwenye jiwe. Ufa haukuwepo. Nyasi hazikuwepo. Pale alipoanikaga miaka yote palikuwa na mtaro, na mwamba ulikuwa umekatwa wima ukingoni. Mama alisimama na beseni lake kichwani.

Kilichobaki kilikuwa upande wa Mama Nyangeta. Dagaa wake walikuwa wametandazwa, wamebanana mno, na pembeni yao palikuwa na nafasi tupu kama ukubwa wa mkeka, imefagiwa. Mwenyewe alitokea nyuma ya chumba, ufagio mkononi.

"Umechelewa sana, Mama Magesa," alisema. "Hapo kwako."

"Si wamekukatia na wewe? Mbona dagaa zako umezibana hivyo?"

"Zitakaukaga tu."

Kijana alikohoa. "Mama zangu, hapa ni eneo la makumbusho, hairuhusiwi kuanika."

"Sasa mwanangu," Mama Nyangeta alimuuliza kwa upole, "hao wageni wako unataka waone nini?"

Kijana akaenda kumshusha mama beseni. Mama alipiga magoti, akatandaza udaga wake taratibu, kiganja kwa kiganja. Mimi na kitambi changu nikajilaza pembeni. Joto lilikuwa lilelile. Nilifumba macho, nikasikia ziwa, na kwa muda kidogo nilikuwa na kaptula iliyotoboka.

Kwangu Bunda nina ukuta na geti, na jirani wa kushoto simjui jina. Nguo zikilowa kambani nami sipo, zitalowa mpaka nirudi. Zamani tulikuwa na jiwe moja tu.

Jua lilipoanza kushuka nilimwambia mama tukusanye udaga, tuwahi gari. Alikuwa ameshajifunga khanga, beseni tupu kwapani.

"Uache," alisema. "Mvua ikija, watu wapo."