Mdundo wa Maziko Usio na Marehemu

Nakumbuka Jumamosi moja, Mjerumani mmoja alipoketi uani kwetu akisubiri ngoma zetu za isukuti zipigwe. Alikuwa mtunzi wa muziki wa filamu, mwenye jina kubwa kwao, na baada ya kunisikia nikipiga kinanda kanisani alikuwa ameniahidi kunipeleka Ujerumani nikajifunze kazi yake. Mwanangu, moyo wangu ulikuwa umeshapanda ndege. Aliomba mdundo mmoja tu: ule wa kumsindikiza mzee kaburini.

Ngoma zilipoanza, babu yangu akatoka nyumbani na fimbo yake.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, babu. Ni ya filamu."

"Basi mtafuteni wa kufa! Kifo hakiitwi bure."

"Tumtoe Shivachi," mpigaji mmoja akasema akimnyooshea mwenzake kidole, "ingawa huyo hata kaburini ataitisha chai." Wenzake wakacheka. Babu hakucheka. Aliichukua ngoma ndogo, akaingia nayo ndani, akafunga mlango. Kwetu mdundo ule haupigwi bila maiti.

Nilikasirika sana. Nikamwambia mgeni tutaupiga kwingine. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha vitabuni:

"Mzee amesema kweli. Mimi nilianza na kinanda cha kanisani, kama wewe. Kisha miaka mingi nimetungia vilio vya watu ambao hawakufa. Wakishafuta rangi usoni, wanakwenda kula. Mama yangu alipofariki, niliketi kwenye kinanda nimlilie. Kila wimbo wa huzuni ulionijia mkononi, nilikuwa nimeshauuza. Tulimzika kimya. Wewe baki na ngoma zako."

Akaondoka bila mimi. Nilimnunia babu mpaka siku tuliyomzika. Siku hiyo mdundo ulipolia nililia nao, nikamshukuru Mungu. Hata hivyo sikufichi: nikisikia ndege ikipita juu ya hapa kwetu Shieywe, bado nainua macho.

Sasa wewe, unayetunga muziki kwa kompyuta pale Lurambi, unaniambia watu wa filamu wanautaka mdundo uleule. Na kifua changu unakijua, daktari amekueleza. Ukiuuza, mimi utanizika na nini?

Mwacha mila ni mtumwa. Esau wa Biblia, aliyeuza urithi wake, aliufurahia mchuzi wa dengu kwanza, machozi yakaja baadaye. Tunga vyako vipya, mwanangu, uuze hivyo. Kile utakachowalilia watu wako usikipeleke sokoni.

Mungu akupe kazi ya mikono yako, na siku yangu ikifika, akukute una cha kunipigia. Amina.