Pale Sindano Inaporuka

Fundi redio wa Newala hushika santuri kwa viganja tu, vidole vyake vilivyobabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho vikiwa juu, kama mtu aliyetoka kunawa. Santuri yake ya dansi ya Kuba ina mkwaruzo. Sindano inaporuka, wazee wa mji nao huruka. Ndivyo walivyojifunza kuicheza. Yuster, mama yake Chrispin, alipomletea toleo jipya la santuri hiyo, lililosafishwa sauti hadi pumzi za mpiga tarumbeta zinasikika, fundi alilisikiliza lote ameinamisha kichwa.

"Sasa wazee wataruka wapi, fundi?" Yuster aliuliza.

"Watacheza tu, Mama Chrispin."

Jumamosi, harusini, fundi aliipiga hiyo mpya. Wazee walipokaribia pale pao pa kuruka, Yuster aliona kidole kilichobabuka kikiisukuma sindano taratibu, na ukumbi mzima ukaruka pamoja.